Mdudu Asiyekula Ijumaa

Mimi nikianza hadithi yoyote, huanza na ngamia. Watoto wangu wanalijua hilo, na wakinisikia nakohoa tu wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi chumba cha pili. Lakini hii siwezi kuieleza bila ngamia, kwa hiyo mtanivumilia.

Nilizaliwa nje ya Habaswein, katika nyumba ya fito na mikeka, ile inayokunjwa na kupakiwa mgongoni mwa mnyama nyasi zikiisha. Nilikua kwa maziwa ya ngamia wetu mweupe. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kope za bibi arusi, na shingoni alikuwa na alama ya moto, duara lenye mstari chini yake. Nilipopelekwa shule ya bweni niliwatesa wasichana wenzangu kwa habari za ngamia huyo. Niliwaambia wao wamelelewa na maziwa ya paketi, mimi nimelelewa na ngamia wetu mweupe, na ndiyo maana meno yangu yamenyooka. Alama yake niliichora kwenye jalada la kila daftari. Nilipoolewa niliidarizi kwenye mito yote ya sebuleni, mito minane, uzi mwekundu juu ya kitambaa cha krimu. Mgeni akikaa tu namwambia, "Umeegemea alama ya nyumba yetu." Mgeni hunyanyuka kidogo kwa heshima, kisha anakaa tena.

Sasa naishi Iftin, hapa mjini Garissa, chini ya bati ambalo saa saba mchana unaweza kukaangia yai. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na leo ni katibu wa kikundi cha wanawake wakulima. Cheo hicho nilikipata kwa sababu siku ya uchaguzi mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na kalamu. Shamba letu liko kando ya mto Tana, na tulilianza baada ya ukame kumaliza mifugo, tulipochoka kusimama kwenye foleni ya unga wa msaada tukisukumana na watu tunaowaheshimu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kushika jembe. Wiki ya kwanza mwenyekiti wetu, mama mnene mwenye sauti ya muadhini, alilishika lake kwa upande wa chuma akashangaa mbona linakata mkono badala ya kukata udongo.

Mama yangu, hooyo, aliletwa kwangu na lori mwaka ambao mbuzi wake wa mwisho alikufa. Alikuja na kibuyu cha maziwa kisicho na maziwa na fimbo ya kuchungia isiyo na wa kuchungwa. Kila siku alikaa kwenye kiti cha plastiki uani, akitazama ukuta wa jirani kama mtu anayesubiri ukuta uhame. Nilimpikia wali, nikampikia pasta, nikamchinjia kuku. Alisema alhamdulillah na kurudi kutazama ukuta. Iliniuma sana. Na mimi nikiumwa na jambo huwa nakasirika, kwa hiyo asubuhi moja nilimfokea nikamwambia avae viatu twende shambani, angalau huko atatazama kitu kinachokua.

Huko alikutana na afisa wa kilimo. Alikuwa kijana kutoka bara, hii ikiwa kazi yake ya kwanza, mwenye kofia ya kamba kidevuni na moyo safi kabisa. Hooyo alipoona ana faili mkononi aliamua ni daktari wa mifugo, kwa sababu maisha yake yote aliyekuja na faili alikuwa daktari wa mifugo. Kijana alijaribu kumweleza kwamba yeye ni wa mimea.

"Sawa, daktari," akasema hooyo.

Siku hiyo tulifundishwa kupunguza miche ya sukuma wiki. Afisa alichuchumaa kando ya kitalu, akang'oa mche mmoja mwembamba na kuutupa nyuma ya bega.

"Hii midogo tunaitoa, kina mama, ili mikubwa ipate nafasi."

Hooyo alimwendea. Kiswahili chake ni cha sokoni, chenye nguvu kuliko sarufi.

"Wewe daktari, hiyo ndogo imefanya nini?"

"Haijafanya kitu, mama. Ni dhaifu tu."

"Mtoto dhaifu unaua? Wewe daktari gani?"

"Mama, ni mmea."

"Hata mimi naona ni mmea. Mimi si kibofu. Nauliza kwa nini unaua."

Afisa alinitazama mimi, katibu, nimwokoe. Nilijifanya naandika. Hooyo alitandaza shali yake chini, akapita mstari hadi mstari akiokota kila mche uliotupwa, akisema maneno yale anayosemeshwa mwanambuzi aliyekataliwa na mama yake. Akaenda nao ukingoni mwa mfereji, akauchimbia kila mmoja shimo lake kwa ncha ya fimbo. Akawakatia vijiti vya kuwawekea kivuli, akawanywesha kwa kikombe cha chai, asubuhi na jioni, kidogo kidogo wasivimbiwe. Nasema akawanywesha kwa sababu baada ya siku mbili sote tulikuwa tunasema hivyo. Tuliwaita mayatima. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini.

Mayatima wakanenepa. Hooyo naye akaacha kutazama ukuta. Akaanza kuamka kabla yangu, kuvaa viatu kabla yangu, na kuniuliza mlangoni kama leo nimepooza. Nilifurahi mno, na furaha hiyo niliificha kwa kumjibu vibaya.

Mavuno ya kwanza yalipokaribia, kikundi kiliamua sehemu ya mboga iende bure kwa nyumba zenye njaa, nami nikatumwa kuandika majina. Nilitoka na daftari jipya. Nilipita nyumba zaidi ya ishirini pale Iftin, nikavuka hadi mtaa wa Waberi. Kila nyumba nilikaribishwa kwenye mkeka, nikauliza kama chakula kinatosha, nikajibiwa, "Alhamdulillah abaayo, dada yetu, sisi tuko sawa." Kila nyumba nililetewa chai ya rangi, bila tone la maziwa. Huku kwetu mgeni kupewa chai bila maziwa ni jambo la kuandikwa gazetini, nami nililiona, sikatai. Nikatafakari sana njiani, nikaamua kwamba kisukari kimeingia mjini na watu wameanza kujali afya. Kwenye ripoti niliandika, "Hakuna mwenye shida," na chini yake nikaongeza aya nzima ya kusifu wananchi kwa kupunguza maziwa. Mboga zote zikaenda sokoni.

Baada ya hapo ndipo mdudu alipoingia.

Afisa ndiye aliyemgundua, au tuseme aligundua kazi yake. Kwenye tuta la hooyo pale ukingoni mwa mfereji, la tatu kutoka kwenye pampu, majani ya sukuma yalikuwa yamekatwa. Kila jani lilikuwa na pengo moja kwenye ncha na jingine chini yake, yote upande wa kushoto, safi kabisa. Afisa alitoa lenzi mfukoni, akalala kifudifudi kwenye tope, akakaa hapo muda mrefu mpaka mwenyekiti akanituma nikaangalie kama anapumua.

"Katibu," alisema bila kuinuka, "sijawahi kuona kitu kama hiki. Ana meno makali kama wembe. Na anakula kushoto tu."

Nilimuuliza ni mdudu gani anayejua kushoto.

"Ndiyo maana nimelala hapa," akasema.

Wiki mbili zilizofuata kijana yule alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Garissa. Alitundika kadi za njano zenye gundi, zikanasa nzi na unyoya mmoja wa kuku. Alipima mapengo kwa rula, yakawa sawa yote. Akagundua pia kwamba mdudu haumalizi mmea, anauonja tu, halafu siku nyingine mmea ule ule unatoweka wote, mizizi na udongo wake. Alinionyesha shimo lililobaki ukingoni mwa mfereji. Nadhani alikuwa ameshaanza kumfikiria mdudu huyo jina. Siku moja akaja mbio na daftari lake.

"Jumamosi anakula. Jumapili anakula. Jumatatu mpaka Alhamisi anakula. Ijumaa hali kabisa!"

"Basi ni Mwislamu," akasema mwenyekiti. "Mwacheni."

Hooyo alilichukulia jambo hili kwa uzito kuliko sisi sote. Tuta lililoharibiwa lilikuwa lake, na afisa alikuwa amempa pole mbele ya watu. Kwenye mkutano aliinua mkono akauliza, "Hiyo mdudu inakula na watu?" Alipoambiwa hapana, akauliza kama inakula mbuzi. Kisha akajitolea kulinda. Kila asubuhi alizunguka shamba na fimbo yake ya kuchungia, akichungulia chini ya majani, akimwombea mdudu laana kwa Kiarabu na Kisomali ili asikose lugha anayoielewa. Ijumaa tu ndiyo alibaki nyumbani, akioga mapema na kujiandaa kwa sala.

Nawaomba mnihurumie. Nimesoma hadi kidato cha nne, nimesahihisha mitihani ya watoto wa watu, na nilikuwa nakula meza moja na mdudu kila siku.

Kicheko kilikatika Jumatatu moja. Afisa alikuwa ametuma picha kwa wakubwa wake na jibu lilikuwa limerudi. Kwa kuwa mdudu hajulikani, na mashamba yamepangana kandokando ya mto mzima, sukuma yote ing'olewe na kuchomwa Jumatano asubuhi, ardhi ikae bure msimu mmoja. Alitusomea huku ameshika kofia mkononi. Msimu mmoja bila shamba maana yake ni kurudi kwenye foleni ya unga, na kila mwanamke pale alilijua hilo. Mwenyekiti alikaa juu ya dumu la maji akavua viatu. Hooyo alikuwa amerudi nyumbani kuswali, hakusikia.

Jumanne afisa aliniomba nimsindikize mjini. Alitaka kujua kama mdudu ametoka shambani, na alikuwa amechora ramani ya mitaa yetu kwenye karatasi kubwa, na kalamu nyekundu tayari. Nilimwambia atapoteza muda, Iftin hakuna mtu anayelima. Nyumba ya kwanza tuliyopita ilikuwa na kopo la maziwa ya unga karibu na mlango, ndani yake sukuma mbili zilizonawiri. Kwenye jani kulikuwa na mapengo mawili, upande wa kushoto. Afisa akaweka doti nyekundu.

Nyumba ya pili ilikuwa na dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa nusu. Doti. Ya tatu, beseni bovu. Doti. Mimi nilikuwa navimba kichwa kila hatua. Kwa miezi mingi nilikuwa nimehutubia wanawake wa mtaa huu kuhusu kupanda mboga kwenye makopo, nikidhani naongea na ukuta, kumbe hotuba zangu zilikuwa zimeingia! Nilimwambia afisa aandike kwamba uhamasishaji umefanikiwa. Alisema mdudu naye amefanikiwa.

Kwenye nyumba ya sita nilitulia kidogo. Mlango ule nilikuwa nimewahi kuingia na daftari. Nikageuka nikatazama tulikotoka. Nyumba hii baba alikwenda kutafuta kazi na hajasikika tena. Ile kabla yake, bibi analea wajukuu watano peke yake. Ile ya beseni mbuzi wote walikufa mwaka ule ule wa mbuzi wa hooyo. Kote nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, nikanywa chai ya rangi na kusifu afya zao. Katikati ya milango hiyo kulikuwa na nyumba zinazopika nyama kila siku, na mbele yake hapakuwa na kopo hata moja. Mdudu huyu alichagua nyumba, na alichagua vizuri kuliko katibu.

Nikainama kwenye jani la nyumba ya sita, lililoota kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kutu na kamba ya bluu. Pengo kwenye ncha, pengo chini yake, kushoto. Nilikuwa nimeyaona mapengo haya maisha yangu yote ya utotoni, kwenye masikio ya mbuzi wetu, kila mmoja, na nilikuwa nimeyasahau kwa sababu hapakuwa tena na sikio la kuyaona.

Uso ukanichoma kwa aibu. Afisa akauliza kama ni jua.

"Ni jua," nikasema. "Wewe endelea na doti zako, mimi nimeacha sufuria motoni."

Nilimkuta hooyo uani, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, lakini sasa kiti kimeupa ukuta mgongo. Mbele yake kulikuwa na kopo lenye yatima mmoja, na mkononi ameshika nusu ya wembe. Alikuwa ameshika jani kwa vidole viwili, kama mtu anavyolishika sikio la mwanambuzi asiruke.

"Hooyo!" nikapiga kelele kwa Kisomali. "Mdudu ni wewe!"

"Mdudu gani? Mimi nimelinda shamba lile wiki mbili sijaona mdudu. Yule daktari wenu ni mgonjwa."

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama wembe, akatazama jani, akasema astaghfirullah mara tatu, halafu mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kanga ikamtoka kichwani.

"Kwa hiyo nimekuwa nikijilaani mwenyewe," akasema. "Ndiyo maana goti linauma."

"Si mchezo! Kesho wanachoma shamba zima. Kwa nini unakata majani?"

"Mnyama akitoka nyumbani kwako kwenda kukamuliwa kwa watu, lazima ajulikane ametoka wapi, asije akachanganyika. Tatizo la wanyama hawa, watu wanakula sikio lenye alama halafu linaota lingine. Nimekata mpaka nimechoka. Nikaona bora nikate yote kwenye tuta, mapema."

Nilielewa, maana desturi hiyo ninaijua, kila mtu huku anaijua. Mwenye mifugo humkopesha mnyama wa maziwa mtu aliyepoteza wake. Aliyekopeshwa anakamua, watoto wanakunywa, na mambo yakinyooka anamrudisha mnyama. Ilikuwa haijaniingia akilini kwamba mtu anaweza kuifanya kwa sukuma wiki.

"Basi kesho tutawaeleza," nikasema. "Tutasema umewakopesha fulani na fulani, kila mtu ataelewa, na watakusifu."

Kicheko kikamtoka usoni.

"Hatutasema hivyo."

"Hooyo, wasipojua sababu watasema umechanganyikiwa."

"Waseme. Ukipeleka mnyama kwa mtu, hutangazi kwamba mtu huyo hana maziwa. Wewe ulikwenda na daftari ukauliza watu mlangoni kama wana njaa. Nani atakujibu? Mimi sikuuliza. Nilinusa meko."

"Lakini ni heshima yako!"

Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Yule ngamia mweupe. Alama ya shingoni mwake unaikumbuka?"

"Nitaisahau vipi? Nimeidarizi kwenye mito minane. Duara na mstari chini."

"Na alama ya ngamia wa baba yako?"

Nikafungua mdomo. Mistari miwili shavuni. Niliijua kama jina langu, nilikuwa nimeiona kwenye shavu la kila ngamia tuliyemnunua nilipokuwa mkubwa, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuweka alama hizo mbili kando kwa kando na kujiuliza.

"Ulikuwa na miaka minne," akasema hooyo. "Wetu wote walikuwa wamekufa, na wewe ulikuwa huwezi kusimama. Asubuhi moja mtu alimleta yule mweupe na ndama wake, akamfunga kwenye mti wetu, akaenda zake. Nadhani hakumwambia hata mke wake. Ulikunywa maziwa yake miaka miwili. Kila mahali ulipokwenda ukamsifu, ngamia wetu, ngamia wetu. Nilikuwa nakusikia nafurahi, kwa sababu maana yake hukujua."

"Alikuwa nani?"

"Amekufa bila kumwambia mtu. Mimi ni nani nimseme?"

Niliingia sebuleni nikakaa. Nilizungukwa na mito minane yenye alama ya watu nisiowajua. Nililia, kisha nikacheka, kwa sababu nilikumbuka wageni wote waliowahi kunyanyuka kwa heshima.

Jumatano asubuhi shimo la moto lilikuwa tayari, kuni zimewashwa, wanawake wamesimama na majembe bila hamu. Afisa alikuwa na ramani yake chini ya kwapa. Hakuwa na furaha tena. Hooyo alipita katikati ya watu kwa hatua ndogondogo, akafika kwenye tuta la tatu, akashika jani.

"Daktari. Kuja hapa. Angalia fisuri."

Akatoa nusu ya wembe mfukoni mwa gauni. Akakata ncha. Akakata chini yake. Kushoto.

"Hii si mdudu," akasema. "Hii ni mimi."

Afisa aliutazama wembe, akalitazama jani, akaingiza mkono mfukoni polepole na kutoa lenzi, akapima. Nilimwona akimzika mdudu wake pale pale.

"Lakini kwa nini, mama?"

"Mimi ni mzee," akasema hooyo kwa utulivu. "Nilikuwa nacheza."

Mwenyekiti ndiye aliyeanza. Kicheko chake kilivuka mto kikarudi. Wanawake waliangusha majembe, wakashikana mabega, mmoja akaingia mferejini na viatu vyake. Walisema hooyo amekuwa mtoto. Walisema sasa tunajua kwa nini mdudu alikwenda kuoga kila Ijumaa. Mtu akauliza kama tumnunulie wanasesere. Hooyo alisimama katikati yao akitabasamu kipumbavu, mwanamke ambaye wanaume wa Habaswein walikuwa wakimngojea afike kabla ya kununua mbuzi.

Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, yenye nyumba ya kwanza hadi ya mwisho ndani yake. Hooyo hakunitazama hata mara moja, na hilo ndilo lililonizuia. Nikayameza maneno yangu yote, kazi ambayo watu wanaonijua watawaambia si ndogo.

Afisa alikunjua ramani yake. Alizitazama zile doti, akamtazama hooyo, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Kijana yule hakuwa mjinga hata kidogo.

"Katibu, hizi nyumba zenye makopo..."

"Ni nyumba tu," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa polepole. Akaikunja ramani mara nne, akaisukuma chini ya kuni, na mwenyekiti akaweka birika juu yake, kwa kuwa moto ulikuwa tayari umewaka na hatukuwa na kitu kingine cha kuchoma. Kwenye ripoti niliandika kwa mwandiko mzuri: "Chanzo cha uharibifu ni bibi mmoja. Dawa yake haijapatikana." Afisa akatia sahihi. Msimu huo tuliacha kusaka njaa kwa daftari. Mayatima walipanda hadi makundi manne ukingoni mwa mfereji, na hakuna mwanamke aliyeuliza kwa nini yanapungua usiku kwa mchana. Nadhani wengine walikuwa wameelewa siku ile ile, katikati ya kicheko.

Mito yangu sikuifumua. Mgeni akikaa sasa namwacha aegemee.

Miezi mingine ikapita, na asubuhi moja nilifungua mlango nikakuta kopo la maziwa ya unga kwenye ngazi. Lilikuwa na sukuma kubwa, shina nene, jani moja bichi lenye mapengo mawili kushoto, yaliyokatwa upya na mkono ambao haukuzoea. Pembeni yake, kwenye udongo ule ule, palikuwa na machipukizi mawili yaliyotolewa kwenye shina hilo na kupandwa, yameshika vizuri. Kopo lile nililijua. Lilikuwa na kutu upande mmoja na kamba ya bluu. Nilijua mlango lilikotoka, na nilijua kwamba yule baba aliyekwenda kutafuta kazi alikuwa amesikika tena.

Hooyo alitoka akajipangusa macho.

"Nani ameleta?"

"Sijui, hooyo."

Akanitazama kwa makini, juu mpaka chini, kama anayekagua mnyama sokoni. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akanipa ile nusu ya wembe, na kunionyesha yale machipukizi mawili.

"Kushoto," akasema.